Usitoboe Mashua kwa Ajili ya Sona

Wako wenye mashamba ya skimu huko Magarini na Mpeketoni ambao hushirikiana kununua mashua, wapate fedha wakati mahindi yangali shambani. Wengine siku hizi hununua pia sona, yaani mashine ya kupima kina na kutafuta samaki kwa sauti. Mashine hiyo ni nzuri. Linalotusikitisha ni kuona mtu akishika keekee na kutoboa mashua ili aifunge.

Sona ina kichwa kinachokaa majini. Kichwa hicho hutoa sauti, nayo huenda majini kama mita 1,500 kwa sekunde moja, ikagonga chini au samaki na kurudi. Basi yahitaji kitazame chini sawasawa, katika maji yasiyo na mapovu. Tundu halihitajiki.

Fikiri jinsi mashua yako inavyolala mchangani maji yakipwa. Kichwa kilichotokeza chini ya mbao kitalemewa na uzito wote kivunjike, na maji yakijaa utaliona tundu. Tena uliipaka mashua deheni ili wadudu wa baharini wasile mbao. Ukitoboa, umewafungulia mlango. Fundi atakwambia ataziba kwa kalafati. Mwakani utamwita tena, na kumlipa tena.

Shauri letu ni hili: chukua mti ulionyoka au bomba, funga kichwa mwishoni, uubane kwa jiliwa ubavuni, katikati ya mashua, mbali na rafadha ya injini kwa sababu ya mapovu. Kichwa kiwe chini kidogo kuliko tumbo la mashua. Waya upitie juu ya ukingo. Ukikaribia pwani, inua mti. Watu husema mti hutikisika mashua ikienda mbio, na picha hupotea. Ni kweli, lakini nani hutupa mshipi akienda mbio?

Mashua ya faiba ni habari nyingine. Faiba ngumu, isiyo na sponji wala mbao katikati, hupitisha sauti, kwa hiyo waweza kukigandisha kichwa ndani kwa gundi ya epoksi, bila povu hata moja katika gundi. Kwa mashua ya mbao usijaribu.

Na ikiwa mashua ni ya watu sita, asiachiwe mmoja kuamua peke yake siku fundi atakapokuja na keekee yake.