Koko akivunjika nyonga, aulizwe yeye kwanza

Lubarika, kwenye uwanda wa Ruzizi katika teritwari ya Uvira, mzee wa miaka 85 akiteleza usiku na kuvunjika nyonga, kikao cha familia huanzia kwenye pesa, kisha kinahamia kwenye umri. "Amezeeka, apasuliwe ya nini?" Mara nyingi koko mwenyewe amelala chumba cha pili, anasikia kila neno, na hakuna anayemuuliza.

Umri peke yake ni kipimo kibaya. Ni kweli kuna mifupa isiyohitaji kisu. Utafiti wa PROFHER wa Uingereza, uliotolewa 2015 kwa wagonjwa 250 wenye wastani wa miaka 66, ulionyesha kuwa mkono uliovunjika karibu na bega ukipasuliwa haupati nafuu zaidi ya ule uliofungwa tu kwa kitambaa. Familia inayotakiwa kuuza ng'ombe kwa ajili ya bega ina haki ya kuuliza maswali.

Nyonga ni jambo jingine. Asiyepasuliwa hulala chali wiki nyingi, na hapo huja vidonda vya mgongo, homa ya mapafu na damu kuganda. Ndiyo maana mwongozo wa Uingereza unataka mgonjwa apasuliwe siku anayolazwa au kesho yake. Lengo si kumrudishia koko ujana. Ni kumwezesha kukaa, kuoshwa na kugeuzwa bila kupiga kelele za maumivu.

Hata hivyo, kwa aliyekuwa dhaifu kabisa kabla ya kuanguka, kukataa kisu si ukatili. Uholanzi, utafiti wa FRAIL-HIP wa 2022 ulifuatilia wazee 172 wa namna hiyo. Baada ya kuelezwa wazi wao na ndugu zao, 88 walichagua kutopasuliwa. Wengi wao walifariki ndani ya mwezi mmoja, lakini siku zao hizo hazikuwa mbaya kuliko za waliopasuliwa.

Wale, lakini, walipewa dawa za maumivu. Huku kwetu, "asipasuliwe" mara nyingi maana yake ni kurudishwa nyumbani na paketi ya parasetamoli. Uganda iliruhusu wauguzi waliofunzwa kuandika mofini tangu 2004, na mofini ya kunywa hutengenezwa humo humo nchini. Kivu Kusini haina sababu ya kushindwa kujifunza kwa jirani, na vituo vya afya vya uwanda huu ndivyo vingepaswa kuanza.

Kuna pia bei. Munganga aitaje yote siku ya kwanza: chuma, damu, ganzi, kitanda. Familia inayotajiwa kidogo kidogo huchanga kwa wiki tatu, na koko hufika kwenye chumba cha upasuaji akiwa tayari anakohoa.