Nani Alisema Tukihamia Git Tuache Historia?

Wasomaji wangu, leo nina hasira, kwa hivyo mnivumilie. Kuna maneno ambayo nikiyasikia tena mkutanoni nitachukua jaketi yangu nitoke nje: "Hiyo historia ya nini? Chukua faili za sasa, weka kwenye Git, tuanze upya."

Kwa wale ambao si wanaprogramu, nieleze kidogo. Mfumo wa kudhibiti matoleo ni daftari la mradi. Kila ukibadilisha msimbo, daftari linaandika nani amebadilisha, lini, mistari ipi, na (kama una adabu) kwa nini. Zamani ofisi nyingi zilitumia CVS, kisha Subversion iliyoanzishwa mwaka 2000. Siku hizi karibu kila mtu yuko kwenye Git, aliyoianza Linus Torvalds Aprili 2005. Sina ugomvi na kuhama. Subversion hudai seva iwe hai ndipo uhifadhi badiliko. Kwa Git historia nzima iko kwenye tarakilishi yako hata mtandao ukipotea. Hameni! Ugomvi wangu ni mizigo mnayoiacha nyuma.

Nilipoajiriwa mahali fulani hapa Nairobi, nilikabidhiwa mfumo wa mikopo wa sacco. Ndani yake palikuwa na mistari mitatu iliyonikera: kwa waajiri wawili tu, makato ya mwezi yalipandishwa hadi shilingi kamili, halafu senti zilizozidi zikapunguzwa kwenye awamu ya mwisho. Hakuna maelezo. Nikaandika git blame, amri inayokuonyesha nani aligusa kila mstari. Ikanipa jina la jamaa mmoja wa ofisini na ujumbe wa neno moja, "Kuanza." Nikamwendea.

"Bro, hata mimi sijui hiyo ni nini," akasema. "Mimi nilihamisha tu."

Alikuwa amenakili faili zote kutoka Subversion alasiri moja, akaziweka kama badiliko moja, akaenda zake nyumbani. Kazi ya miaka mingi ya watu wengi, wakiwemo wanafunzi wa atachimenti ambao hawakulipwa hata nauli, yote ikawa na jina lake.

Basi nikafuta mistari ile. Majaribio yote yakapita. Mwisho wa mwezi, mfumo wa mishahara wa mwajiri mmoja ukakataa faili yetu nzima, kwa sababu haupokei senti. Hakuna mwanachama aliyekatwa. Mfumo wetu nao, kwa utiifu wake, ukaamua kwamba wote hawajalipa, ukawatumia SMS za deni. Na si wao tu, hata wadhamini wao! Hebu fikiria wewe ni mwalimu, umemdhamini mwenzako mnayefundisha naye, na saa mbili usiku unaambiwa amekwepa mkopo. Asubuhi simu za ofisi zililia mpaka tukaogopa kuzishika.

Jibu lilipatikana kabatini. Kulikuwa na diski ya seva ya zamani, imezungushiwa gazeti, na ndani yake Subversion nzima kama ilivyoachwa. Ujumbe wa mwaka 2013, wa dada aliyekwisha kuacha kazi, ulikuwa na sentensi mbili: mwajiri huyu hapokei senti na hurudisha faili nzima, msiondoe kabla ya kumuuliza. Dada wa watu alikuwa ameandika. Sisi ndio tuliotupa.

Najua kuna mtu tayari ananiandikia kwamba hata Linus mwenyewe aliacha historia. Ni kweli. Kernel ya Linux ilipotoka BitKeeper Aprili 2005, Git ilianza na toleo la 2.6.12-rc2 bila ya nyuma, kwa sababu historia ile ingechukua gigabaiti 3.2 na Git ilikuwa na umri wa siku chache tu. Lakini hakuichoma! Ilibadilishwa baadaye na ikawekwa katika hazina ya pembeni, na ukitaka unaiunganisha na ya sasa. Wewe ofisini kwako una kisingizio gani, na zana zote zipo?

Mtazameni Python. Wametoka CVS wakaingia Subversion mwaka 2005, Mercurial mwaka 2011, Git mwaka 2017. Wamehama nyumba mara tatu, na leo ukifungua hazina yao utakuta mabadiliko ya Agosti 1990. Mozilla walipotoka CVS kwenda Mercurial Machi 2007 walianza upya, na kwa miaka mingi aliyefuatilia mstari mzee wa Firefox aligonga ukuta kwenye badiliko lile la kwanza, ikabidi arudi CVS kuchimba. Lakini wao CVS yao waliitunza. Sisi tunaizungushia gazeti, tena hiyo ni bahati.

Na hapa kwetu hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu watu hawakai. Mtu akipata mshahara bora, baada ya mwezi mmoja hayuko, na makabidhiano yake ni neno la siri la seva na salamu. Ujumbe aliouandika kwenye daftari ndio makabidhiano pekee tuliyo nayo.

Hoja moja ya wapinzani naikubali nusu: kwa Git kila anayenakili mradi anabeba historia yote, na kama kuna aliyewahi kuweka humo chelezo za hifadhidata, bando lako litalia. Sawa. Ondoa faili hizo kubwa kwa git filter-repo, uwaache watu na maneno yao. Nywila zilizosahaulika humo? Zibadilishe kwanza, kwa sababu zimeshaonekana.

Kazi yenyewe si ngumu, ni ya subira. Tengeneza orodha inayolinganisha majina ya Subversion na majina kamili na barua pepe za wenyewe, uipe git svn clone, na uiendeshe kwenye nakala iliyo mashine hiyo hiyo, la sivyo utaisubiri kupitia mtandao badiliko moja moja hadi uzeeke. Usifute ule mstari wa git-svn-id chini ya kila ujumbe. Ndiyo, unachafua. Lakini mtu akikutajia "r1847" kwenye barua ya zamani, utaipata kupitia hapo.

Wikendi iliyofuata baada ya zile SMS nilikaa ofisini na diski ile. Nilibadilisha historia yote, nikaishona na hazina yetu kwa git replace --graft. (Kumbukeni kutuma refs/replace kwenye seva na kuwaambia wenzenu wazivute, la sivyo hawataona kitu.) Nilipoandika git blame tena, majina yakatokea, ya wale wanafunzi pia. Kwenye mistari mitatu niliyoirudisha, ujumbe wangu unaelekeza kwa badiliko la yule dada.

Nikamtafuta WhatsApp nimshukuru. Alicheka sana. Kisha akaniuliza kama bado hatujaigusa ile hesabu ya Disemba. Ngoja nikaangalie.