Kuchekana kwa Kiingereza Kunatuponza

Ndugu zangu, leo naomba niseme jambo ambalo limekuwa likinikera tangu nifike hapa Uingereza. Tunachekana mno. Mtu akiteleza neno moja la Kiingereza kwenye mkutano wetu, basi hilo ndilo jina lake la utani mpaka amalize digrii. Na wanaocheka si Waingereza, ni sisi kwa sisi.

Matokeo yake tunayaona. Mwenzetu amesoma makala zote za semina, hoja anayo, lakini anakaa kimya manake kuna Mswahili mwenzake pale nyuma. Mhadhiri anaondoka akidhani hajasoma kitu. Jamani, huko si kuponzana?

Maoni yangu ni kwamba makosa yetu mengi si ujinga. Ni Kiswahili kinachoongea ndani ya Kiingereza, na ukijua kinaongelea wapi utajisahihisha mwenyewe.

Chukua "borrow" na "lend". Kwetu kuazima kunafanya kazi zote mbili: nimeazima kitabu kwake, na yeye ameniazima kitabu. Ndiyo maana utasikia "borrow me your pen". Lakini dawa tunayo nyumbani: "borrow" ni kukopa, "lend" ni kukopesha. Vivyo hivyo "remember" ni kukumbuka na "remind" ni kukumbusha. Kwa nini watu wanasema "informations" na "equipments"? Kwa sababu taarifa tunazihesabu na vifaa ni vingi. Mwingereza hivyo havihesabu. Na anayesema "he" akimzungumzia dada yake hajamsahau dada. Katika lugha yake wote ni yeye.

Yapo makosa yanayogharimu zaidi. Ukiulizwa "Hujakabidhi insha?" sisi tunajibu "Ndiyo, sijakabidhi", yaani tunakubaliana na aliyeuliza. Mwingereza anaangalia jambo lenyewe: halijafanyika, basi "No, I haven't". Namjua mwenzetu mmoja aliyeulizwa ofisini kama bado hajalipa malipo ya awali ya chumba. Akajibu "Yes" na kunyamaza. Karani akaelewa ameshalipa, na wiki tatu baadaye chumba kikapewa mtu mwingine. Hapo hakuna cha kuchekesha.

Au neno pole. Mtu akijikwaa kwenye ngazi, ukasema "sorry", anaweza kukuuliza kwani wewe ndiye uliyemsukuma, maana "sorry" yao mara nyingi ni samahani. Pole yetu haina neno moja kule, inabidi uulize "Are you all right?" Hata "I want tea" inasikika kama amri, kwa sababu "naomba" yetu imebaki nyumbani. Adabu yao imekaa kwenye "please" na "could I have".

Halafu kuna makosa ambayo wenyeji nao wanayafanya kila siku: "its" na "it's", "their" na "there". Kitabu cha Lynne Truss kuhusu nukta na vituo, Eats, Shoots & Leaves, kilichotoka mwaka 2003, kiliuzwa sana hapahapa Uingereza, na kelele kubwa mle ndani ni kuhusu alama hizohizo. Wao walijifunza lugha kwa sikio kwanza, sisi wengi tulijifunza ubaoni. Kila ukiandika "it's", isome "it is" au "it has". Ikigoma, ondoa alama. Na "affect" mara nyingi ni kuathiri, "effect" ni athari. Basi.

Najua wapo watakaosema kuchekwa ndiko kunakofundisha. Mimi naona kunafundisha kunyamaza tu, na lugha haijifunzwi kwa kunyamaza. Tena tukumbuke tulikotoka. Mtanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali alifundishwa kwa Kiswahili, akakutana na masomo ya Kiingereza kidato cha kwanza. Mkenya alianza mapema zaidi. Hiyo ni sera, si akili. Na sisi Watanzania tusijifanye malaika: Mkenya akisema "kitabu yangu" tunavunjika mbavu, kisha tunashangaa kwa nini anahamia kwenye Kiingereza tukianza kupiga soga.

Sisemi tuache kusahihishana, la hasha. Mwenye insha ya kukabidhi Ijumaa anahitaji rafiki wa kumwambia ukweli Jumatano. Lakini mvute pembeni, mwambie neno na sababu yake, yaishe. Na kosa ambalo halibadilishi maana, katikati ya mazungumzo, liache lipite. Msikilize kwanza anasema nini.

Napendekeza jumuiya yetu itenge saa moja kwa wiki ya kusomeana insha wawili wawili, bila hadhira. Mwenye Kiingereza kizuri alete Kiingereza, mwenye Kiswahili fasaha alete Kiswahili. Hakuna atakayekuja mikono mitupu, na kwenye semina ijayo huenda tukasikia sauti ambazo hatujazisikia tangu mwaka uanze.