Pikipiki iliyonifunza kuandika programu

Ni siku nyingi sijaandika hapa, kazi imenibana. Leo tuache kompyuta kidogo tuongee kuhusu pikipiki. Ndiyo, pikipiki.

Honda Super Cub ilitoka Japani Agosti 1958. Injini yake ilikuwa ndogo, cc 49, lakini ya mipigo minne, wakati nyingi za ukubwa huo zilikuwa za mipigo miwili, moshi na kelele tele. Soichiro Honda alitaka kijana wa kupeleka tambi aweze kuiendesha kwa mkono mmoja, mwingine umebeba chakula. Ndiyo maana haina mkono wa klachi. Klachi inajishika na kujiachia yenyewe, na gia unabadilisha kwa mguu. Mbele kuna ngao ya plastiki ya kukinga tope, na katikati pako wazi hata aliyevaa sketi anapanda bila taabu.

Sasa tazameni yaliyofuata. 1966, toleo la C50 lilipata injini mpya, kamshafti ikiwa juu kwenye kichwa cha injini. 2007, ile ya cc 50 ya Japani iliacha kabureta, petroli ikaanza kunyunyizwa kwa mitambo ya kielektroniki. 2018 ikaja C125 yenye taa za LED. Tumbo lote limebadilishwa, lakini aliyejifunza kwa ile ya 1958 akipewa hii ataondoka nayo. Klachi bado inajishika yenyewe, magurudumu bado ni inchi 17. Kufikia Oktoba 2017 zilikuwa zimetengenezwa milioni 100.

Kwa nini nasema haya? Miaka kadhaa iliyopita niliitupa programu ya mteja mmoja mwenye duka la vipuri, nikaandika nyingine kutoka mwanzo. Ya zamani ilikuwa mbaya ndani, kweli, lakini karani aliitumia bila kutazama kibodi. Yangu ilikuwa safi, na karani akashindwa kuuza. Baada ya wiki mbili walirudi kwenye daftari, nami sikulipwa nusu iliyobaki. Nilimlaumu karani. Kosa lilikuwa langu.

Maoni yangu ni haya: badilisha injini utakavyo, lakini usivuruge kile ambacho mikono ya watu imeshazoea.

Kuna watakaosema huku ni kuogopa mambo mapya. Sikubali. Honda wenyewe waliacha kutengeneza ile ya cc 50 Mei 2025, kwa sababu ya sheria kali za moshi huko Japani. Hawakung'ang'ania. Lakini wao walikuwa na sababu. Mimi nilikuwa nimechoka tu kuitazama kazi ya mtu mwingine.

Je, nyinyi mnaonaje? Kuna aliyewahi kuandika programu upya akajuta? Nielezeni, nisijione peke yangu.