Mwenzako kahama, miezi sita haijahama

PWANI YA ZIWA
Na Kulwa Masanja

Wawili wakichangia nyumba Buhongwa au Nyasaka hapa Mwanza, kisha mmoja akaondoka ghafla, lawama huanza na yeye. Kahamishwa kikazi, mkataba wake umekwisha, kapata mchumba, kaitwa Sengerema kumuuguza mama. Iwe sababu gani, atasemwa kwamba kamtupa mwenzake. Naona lawama hiyo inampiga asiyehusika. Kijana wa miaka ishirini na kitu anayehangaika na maisha mjini hawezi kuahidi kwamba nusu mwaka ujao utamkuta palepale, na wala hakuna aliyemwomba aahidi. Cha ajabu ni kwamba tunalipia nyumba kana kwamba kila mtu ameapa kubaki: miezi sita kwa mkupuo, makubaliano ya mdomo, risiti yenye jina la mmoja. Mpango huo ndio unaogeuza safari ya mtu kuwa deni la mtu mwingine. Na sehemu kubwa ya dawa yake haiko Dodoma, haiko hata kwa mwenye nyumba. Iko kwa hao wawili, siku wanapochanga pesa.

Tuuangalie mji wenyewe kwanza. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 594,834 Nyamagana na 509,687 Ilemela, jumla zaidi ya milioni moja na laki moja, na kazi nyingi zinazowavuta vijana huku zina mwisho unaojulikana tangu siku ya kwanza. Daraja la Kigongo-Busisi, lenye urefu wa kilometa 3.2, lilifunguliwa Juni 2025. Fundi aliyekuwa amepanga Usagara kwa ajili ya daraja hana tena kinachomweka pale. Reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka nayo ni kazi ya mkataba, ikikamilika watu watafuata kipande kingine. Kule Malimbe, mwanafunzi wa SAUT hupanga kwa kufuata kalenda ya chuo. Mwaloni Kirumba, mfuko wa mchuuzi wa dagaa unafuata mwezi wa angani, maana dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikipevuka mitumbwi mingi hupumzika. Mwenye mshahara hulipwa kwa mwezi, wa dagaa kwa giza, wa bodaboda kwa siku. Katika orodha yote hiyo simwoni anayepokea kipato chake kwa nusu mwaka. Nyumba peke yake ndiyo inayodai hivyo.

Sasa hesabu. Chukua nyumba ya vyumba viwili ya shilingi 150,000 kwa mwezi. Ni mfano tu, msomaji aweke bei ya mtaa wake. Miezi sita ni 900,000, na kila mmoja katoa 450,000. Ili awamu ijayo isiwakute mikono mitupu, kila mmoja anatakiwa kuweka pembeni 75,000 kila mwezi. Miezi miwili ikapita, mmoja akaondoka. Kwa nje hakuna kilichoharibika: nyumba imelipiwa, mwenye nyumba hapigi simu, na aliyebaki anaanza hata kufurahia nafasi. Hapo ndipo wengi huteleza, kwa sababu pigo la kodi ya mkupuo huja likiwa limechelewa. Mjini kama Nairobi, ambako ni kawaida kulipa kila mwezi, lingeonekana mwanzo wa mwezi unaofuata na mtu angelazimika kuchukua hatua. Hapa kwetu linajificha miezi minne. Tuseme aliyebaki ni mtu makini na ameshaweka 150,000. Anahitaji nyingine 750,000 katika miezi minne, yaani 187,500 kila mwezi badala ya zile 75,000. Kima cha chini cha mshahara serikalini tangu Julai 2025 ni 500,000, tena kabla ya makato. Kwa mwenye mshahara huo, zaidi ya theluthi yake inakwenda kwenye kodi ya miezi ambayo bado hajailala.

Na bado aliyeondoka hajasema lake. Yeye naye alilipia miezi sita, kalala miwili. Akitaka 300,000 zake, azidai kwa nani? Mwenye nyumba pesa keshaigeuza saruji au ada ya mtoto, na kwa upande wake nyumba ina mtu. Aliyebaki hana. Akijikakamua kumlipa ndani ya miezi hiyohiyo minne, mzigo wake unapanda hadi 262,500 kwa mwezi; wengi hawalipi, na simu huacha kupokelewa. Sheria haijanyamaza kabisa hapa. Kwa Sheria ya Mikataba, watu wakitoa ahadi kwa pamoja, mdai anaweza kumbana yeyote kati yao kwa deni zima, na aliyelipa ana haki ya kumdai mwenzake fungu lake. Lakini hayo ni ya walioahidi pamoja. Risiti ikiwa na jina moja, yule mwingine machoni pa mwenye nyumba ni mgeni tu, na kinachobaki ni mapatano ya wawili wenyewe ambayo hayakuandikwa popote. Sheria ya Ardhi ya 1999 inakubali upangishaji wa muda mfupi ufanywe kwa mdomo. Kukubalika ni jambo moja. Kuuthibitisha mbele ya baraza au mahakama kwa ajili ya laki tatu ni jambo jingine, maana nauli na siku za kazi zinazopotea zinaweza kuila laki tatu yenyewe.

Ndiyo maana naitetea karatasi moja ya daftari, iliyoandikwa na wawili kabla ya pesa kumfikia mwenye nyumba. Iseme kwanza kwamba anayetaka kuondoka atatoa notisi ya mwezi mmoja, na asipotoa, kodi ya mwezi huo ni hasara yake. Iseme kwamba salio lake litarudi kutoka mfukoni mwa atakayeingia, wala si mfukoni mwa aliyebaki. Huyu mgeni atalipia miezi iliyosalia, na pesa hiyo imwendee aliyetoka. Asipopatikana mtu, aliyeondoka ndiye anayepoteza, kwa kuwa ndiye aliyechagua siku ya kuondoka. Lakini haki hii ina upande wa pili ambao wanaobaki hawapendi kuusikia: ukikataa kila anayeletwa, kwa sababu umegundua raha ya kukaa peke yako, basi umenunua nusu ya mwenzako na unatakiwa kuilipia. Huwezi kufaidi nyumba nzima kwa jasho la aliyehama huku ukijiita uliyetupwa. Yaliyobaki ni madogo, ingawa ndiyo yanayoleta ugomvi: jiko la gesi ni la nani, bili ya maji ya MWAUWASA imesomwa lini, na kodi ya jengo, ambayo tangu Agosti 2021 hukatwa kwenye LUKU. Hiyo ya mwisho kisheria ni ya mwenye nyumba, ila anayeihisi ni anayenunua umeme. Risiti nayo ibebe majina yote mawili.

Nitaambiwa kwamba kuandikishana kati ya marafiki ni kutoaminiana. Hoja hii ingekuwa na uzito kama tungekuwa watu wasioandikiana. Nenda kwenye kikoba chochote cha kina mama Igogo au Mabatini: hisa zimeandikwa, faini ya kuchelewa imeandikwa, na aliyekopa kasaini mbele ya wenzake ambao ni majirani, mawifi na mashosti zake. Hakuna anayeona daftari lile kama tusi. Linawawezesha kuendelea kuamkiana hata mmoja anapochelewesha rejesho, kwa sababu cha kufanya kilishakubaliwa watu wakiwa bado wanacheka. Wapo pia watakaosema dawa ni kila mtu apange chumba chake kimoja na yaishe. Kwa wengine ni kweli. Ila anayehama kila mambo yanapobadilika hulipa dalali kodi ya mwezi mmoja kila mara, na vyumba vya bei nafuu vinazidi kusogea mbali na mjini, kwa hiyo anachookoa kwenye kodi atakihesabu tena kwenye daladala.

Hoja nzito ni ya mwenye nyumba, na sitaki kuipuuza. Wengi wanaopangisha Mwanza si matajiri. Ni mwalimu mstaafu, mjane, mfanyabiashara wa sokoni aliyejenga kidogo kidogo, na mkupuo wa miezi sita ndio unaoezeka chumba cha nyuma. Mpangaji wa kila mwezi akigoma kulipa, kumtoa kwa kufuata sheria kunachukua muda. Hata Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo limekuwepo tangu 1962 na lina wanasheria, limehangaika miaka mingi na wadaiwa sugu hadi kutoa vyombo vyao nje. Mjane wa Kitangiri atafanyaje? Nakubali kwamba anahitaji kinga. Ninachohoji ni ukubwa wake. Amana ya mwezi mmoja au miwili, pamoja na kodi ya miezi mitatu mitatu, inamkinga dhidi ya mkaidi. Miezi sita inamkinga dhidi ya jambo jingine kabisa, yaani mabadiliko ya kawaida ya maisha ya mpangaji, na sioni kwa nini hatari hiyo ibebwe na upande mmoja tu. Tena kinga yenyewe ni nusu: awamu ikiisha na aliyebaki hana 900,000, nyumba inabaki tupu, dalali anarudi, na mwezi au miwili inapita bila senti.

Serikali je? Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya 1984 ilifutwa mwaka 2005, na hadi sasa nafasi yake haijajazwa na kitu kinachomgusa mpangaji wa kawaida, ingawa Wizara ya Ardhi iliwahi kuongozwa na mbunge wa hapahapa Ilemela, Dkt. Angeline Mabula, kuanzia Januari 2022 hadi Agosti 2023. Waganda walipitisha sheria yao ya wenye nyumba na wapangaji mwaka 2022, na imeweka kikomo kwa kodi ya mwanzo: mwenye nyumba hatakiwi kudai zaidi ya miezi mitatu. Ningependa kikomo kama hicho hapa. Lakini Ghana wanacho tangu 1963, miezi sita mwisho, na Accra watu bado wanadaiwa kodi ya miaka miwili, kwa kuwa nyumba ni chache na anayelalamika hubaki bila chumba. Kwa hiyo naiunga mkono sheria bila kuitegemea.

Anayesoma haya huku mwenzake kahama wiki iliyopita hana muda wa kulisubiri Bunge. Utajiri wake sasa ni ile miezi iliyosalia, na inapungua. Aende kwa mwenye nyumba wiki hii, akiwa na mfano wa awamu iliyolipwa bila usumbufu, amweleze hali, aombe mtu mwingine aingie na awamu ijayo iwe ya miezi mitatu. Kwa mfano wetu, miezi mitatu ni 450,000, ambayo mtu mmoja mwenye miezi minne mbele yake na 150,000 kibindoni anaifikia kwa 75,000 zilezile kila mwezi. Mwenye nyumba akikataa katakata, bado kuna muda wa kutafuta chumba Igoma au Mkolani kwa utulivu, kabla vyombo havijawekwa nje.