Skrubu moja, roho kumi na nne

Ndugu zangu, leo naomba niziweke siasa pembeni nizungumzie skrubu. Ndiyo, skrubu. Ile ndogo iliyoko juu ya mfuniko wa tangi la petroli la injini ya boti. Nina sababu.

Mimi ni mtoto wa Mpanda. Nikiwa Dar es Salaam nikisema natoka Katavi, watu huniuliza habari za viboko na nyati. Wachache wanajua kwamba mkoa wetu, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, una mwambao wa Ziwa Tanganyika. Kuna Karema, kuna Ikola, kuna vijiji ambavyo watu wake wakitaka kwenda sokoni au hospitali hawaulizi basi linaondoka saa ngapi. Wanauliza boti.

Basi nami nilikuwa ndani ya boti hiyo, nikirudi Karema kutoka kazini. Tulikuwa watu kumi na wanne, magunia ya dagaa, na mama mmoja aliyembeba mtoto mwenye homa kali, anamkimbiza kituo cha afya. Ufukwe ulikuwa bado unaonekana vizuri injini ilipokohoa mara mbili, ikazima.

Kijana aliyekuwa akiendesha akavuta kamba ya kuwashia. Akavuta tena. Injini ikawaka kidogo, ikafa. Akavua shati akavuta mpaka jasho likamtoka. Nilijaribu kuhesabu, nikaishia thelathini. Hakukuwa na kasia hata moja. Maboya yalikuwa matatu. Simu hazikuwa na mtandao. Na upepo ulikuwa ule wa kutoka kusini mashariki, ambao kwa sisi wa upande huu wa ziwa haukurudishi nyumbani, unakusukuma kuelekea Kongo.

Nusu saa ikapita. Saa nzima ikapita. Watu wakaanza kusali. Ndipo mzee mmoja aliyekuwa amekaa kimya juu ya gunia akasema, "Mwanangu, acha kwanza hiyo kamba. Hewa umefungua?"

"Mzee, hii mashine mimi naijua."

"Sijakuuliza kama unaijua. Nimekuuliza hewa umefungua?"

Kijana akainama kwenye tangi. Skrubu ya hewa ilikuwa imekazwa. Walikuwa wameifunga wakati wa kupakia mzigo ili petroli isimwagikie dagaa, wakasahau kuifungua. Akailegeza, tukasikia tangi linavuta pumzi. Akabinya kipira cha mafuta mpaka kikawa kigumu, akavuta kamba mara tatu. Ikawaka.

Jamani, hiyo ndiyo iliyotaka kutuua. Ni kama kopo la maziwa: ukitoboa tundu moja maziwa hayatoki vizuri, mpaka utoboe la pili hewa ipite. Petroli ikitoka kwenye tangi lazima hewa iingie mahali pake. Isipoingia, injini itakimbia dakika chache halafu itazima kwa njaa huku tangi limejaa.

Niliporudi mjini nilimtafuta fundi anayetengeneza injini hizi, nikakaa naye mchana mzima. Nilichojifunza ni kwamba injini ikizima kuna mpangilio, na kuvuta kamba si namba moja.

Kwanza ni boti yenyewe. Watu wakae chini, kichwa cha boti kiangalie mawimbi. Usitegemee nanga: ziwa hili lina kina cha zaidi ya meta 1,400, na ukiacha ufukwe kidogo tu kamba yako haifiki chini. Kasia ndiyo nanga. Kama huna, funga ndoo kwa kamba kichwani mwa boti uitupe majini, ivute boti isigeuke ubavu.

Pili, angalia vitu visivyohitaji spana. Ile kamba ya kuzimia injini haijachomoka? Gia iko huru? Petroli ipo? Skrubu ya hewa iko wazi? Mpira wa mafuta haujakunjika wala kukanyagwa na gunia?

Tatu, kipira cha mafuta kitakuambia ukweli. Kikisinyaa, kuna kizuizi upande wa tangi. Kikibaki laini kila ukikibinya, ama tangi ni tupu ama kuna mahali mpira unavuta hewa. Kikiwa kigumu na injini bado inagoma, hamia kwenye plagi. Plagi iliyolowa ikaushwe, iliyoungua ibadilishwe. Sigara marufuku, na mvuke wa petroli upeperuke kwanza kabla ya kujaribu cheche. Usisahau chujio pia, maana petroli yetu ya madumu mara nyingi huwa na maji ndani yake.

Na kama kabla ya kuzima yale maji ya kupoza injini yalikuwa hayatoki, usiwashe kabisa. Acha ipoe, safisha tundu za kuvutia maji.

Hakuna hapo kinachohitaji digrii. Mimi ninayo, na siku ile haikunisaidia chochote.

Sasa nije kwenye hasira yangu. Nilimpigia mhariri wangu, nikamweleza habari nzima. Akaniuliza, "Wamekufa wangapi?" Nikamwambia hakuna. "Basi hiyo siyo habari." Simlaumu sana, ndivyo tulivyofundishwa. MV Bukoba mwaka 1996, MV Spice Islander mwaka 2011, MV Nyerere mwaka 2018: kila mara tulilia kama taifa, bendera zikapepea nusu mlingoti. Lakini boti inayozima kila wiki na watu wakaokolewa na mzee mmoja mwenye akili, hiyo hatuihesabu. Tunasubiri siku ambayo mzee yule hayumo.

Najua wapo watakaosema serikali ifanye. Ni kweli, TASAC ipo na ukaguzi wa vyombo ni kazi yake. Lakini mkaguzi hawezi kulala kwenye kila mwalo. Wanaolala pale ni vikundi vya BMU, wenye boti, na sisi abiria. Kwa nini mwaloni pasiwe na sheria moja rahisi: boti isiondoke bila makasia mawili, plagi za akiba na spana yake, na boya kwa kila kichwa? Kwa nini abiria aone aibu kuuliza? Kwenye daladala tunagombania chenji ya shilingi mia. Kwenye boti tunakabidhi roho, tunanyamaza.

Wengine watasema ajali ni mipango ya Mungu. Mimi ni muumini, lakini skrubu ile haikufungwa na Mungu.

Tulipofika Karema, yule mama alishuka wa kwanza, maji yakimfika magotini, akakimbia na mtoto wake bila kumuaga mtu. Saa nzima alikuwa amekaa palepale, hatua mbili kutoka kwenye tangi.

Safari ijayo nitauliza kabla sijapanda. Naomba nawe uulize.

Naomba kutoa hoja.