Anwani za intaneti: kulipa kila mwezi ao kununua?

Siku moja ya posho, mangaribi, telefone yangu ililia. Alikuwa mdogo wangu wa Kolwezi, yule mwenye antene tatu ku Manika, anayewagawia majirani wifi. «Yaya, rezo yote imekufa. Mi sikugusa kitu. Umeme iko, antene zinawaka, fibra iko, lakini hakuna kinachotoka wala kinachoingia.»

Familia karibu mia tatu zilibaki kimya. Wengi wao ni wake na watoto wa watu wanaofanya kazi ya mugini, wengine kwa kampuni, wengine ku kariere za mkono. Mama mmoja alikuja mpaka ku mlango wake: «Mwana wangu, papa ya batoto alishuka asubui. Akipanda atanipata namna gani?» Mdogo wangu hakuwa na jibu. Alifikiri ni pane, akazima mashine akawasha tena, akapanda juu ya nguzo usiku na tochi.

Haikuwa pane. Zile anwani za intaneti alizokuwa anatumia, 256, hazikuwa zake. Alikuwa anazilipia kila mwezi kwa kampuni moja ya ng'ambo. Kampuni ile nayo ilikuwa imezichukua kwa mwingine. Wale wawili waligombana, mwenye kitu akachukua kitu chake, na lokatere wa Manika akakuta vitu vyake inje, kama vile tulivyozoea kuona nyumba za hapa kwetu wakati bayeri anakasirika. Alikuwa amelipa mwezi mzima mbele. Ni kweli kontra ilisema wanaweza kumtoa kwa siku mbili tu, na barua ya kumwonya ilifika katika sanduku la mail ambalo yeye hafungui mara nyingi. Kosa lake pia iko ndani, nilimwambia. Lakini ilimchukua siku tisa kupata anwani zingine, na kwa siku zile tisa wateja arobaini walimwacha.

Ninaandika juu ya jambo hili kwa sababu watu wengi wananunua mega kila siku bila kujua kama chini ya mega kuna soko lingine, soko la anwani, na bei ya soko lile inaingia ndani ya makuta unayotoa.

Anwani ya intaneti ni kama numero ya parsele. Ukituma ujumbe, jibu lazima lijue lirudi ku mlango gani. Numero za mtindo wa zamani, zile ambazo dunia kubwa bado inatumia, zina mwisho: ni bilioni 4 na milioni 294 hivi, haziwezi kuongezeka. Mwezi wa 2 mwaka 2011 ghala kuu ya dunia iligawa mafungu yake ya mwisho kwa ofisi tano zinazogawa anwani, kila moja kwa upande wake wa dunia. Ulaya walimaliza zao mwaka 2019. Kuanzia pale, kitu kilichokuwa kinatolewa kwa kujaza fomu kikawa mali ya kuuzwa. Mwaka ule ule wa 2011, Microsoft ilinunua anwani 666,624 za kampuni ya Nortel iliyokuwa imefilisika, kwa dola milioni 7 na nusu. Hesabu ni dola 11 na kidogo kwa anwani moja. Miaka kumi nyuma yake bei ilipita dola 50, kisha ikashuka. Sisi watu wa kobalti tunajua hadisi ya bei inayopanda kama moshi na kushuka kama jiwe, hatuna haja ya kufundishwa.

Sasa tufanye hesabu ya mdogo wangu. Fungu dogo ambalo rezo za dunia zinakubali kulitambua ni anwani 256. Kwa kulipa, bei inayosikika sana ni karibu nusu ya dola kwa anwani moja kila mwezi. Ni dola 128 kwa mwezi, dola 1,536 kwa mwaka. Kwa kununua, tuseme dola 30 kwa anwani: ni dola 7,680 mara moja. Kwa hiyo miaka mitano ya kulipa ni sawa na kununua. Mwaka wa sita, aliyenunua anakaa bule, ila malipo madogo ya rejista. Aliyelipa anaendelea kulipa na hana kitu mkononi.

Ukiangalia hivi tu, utasema: anunue! Lakini mtu wa antene tatu atatoa wapi dola 7,680? Banki haitamkopesha juu ya numero ambazo haziguswi kwa mkono. Feza ile njo ya nguzo, ya betri, ya kumlipa kijana anayepanda juu. Na kama biashara ikikufa mwaka wa pili, aliyekuwa analipa anafunga mlango na kwenda, hapati hasara kubwa. Kwa hiyo sitawacheka wanaolipa kila mwezi. Hata wakubwa wa dunia wamegeuka bayeri: tangu tarehe 1 mwezi wa 2 mwaka 2024, Amazon inawalipisha wateja wa mashine zake nusu ya senti ya dola kwa kila saa juu ya anwani moja. Inaonekana ni kitu kidogo. Zidisha masaa ya mwezi, utapata zaidi ya dola tatu na nusu, kwa numero moja tu.

Ubaya wa kulipa hauko katika bei. Iko katika mambo matatu ambayo bayeri hakuambii siku ya kusaini.

La kwanza umeshalisikia: unaweza kutolewa. La pili ni uchafu wa yule aliyekaa mbele yako. Kama lokatere wa zamani alitumia anwani zile kwa kutuma barua za wizi, zimeandikwa katika orodha za watu wabaya, na wewe mwenye kuingia jana unafungiwa milango bila kujua sababu. Mdogo wangu, ku anwani zake mpya, alikuta mail za wateja zinarudishwa. Mwalimu mmoja hakuweza kufungua ukurasa wa kuandikisha mtoto ku univerisite. La tatu ni la kuchekesha kidogo: kama anwani zilikuwa zinatumika Asia ao Ulaya, dunia inafikiri wewe uko kule. Mtu amekaa Manika, mashine inamwonyesha matangazo kwa lugha ambayo hajawai kusikia.

Hapa nataka kusema na nyinyi wa mugini, kwa sababu sheria yetu ya madini inajua jambo hili kuliko watu wa kompyuta. Kode ya madini ya mwaka 2002 ina neno amodiasio. Mwenye permi anaweza kumpangisha mwingine haki ya kuchimba, na huyu anamlipa. Neno hili tumelisikia sana katika kontra za Gécamines. Lakini kode inaweka kikomo: aliyepangishwa hana ruhusa ya kumpangisha mtu mwingine tena. Na amodiasio inaandikwa ku CAMI, kila mtu anaweza kujua nani anachimba ku permi ya nani. Sisemi kama kila siku inafuatwa. Ninasema imeandikwa.

Kwa anwani za intaneti, mkono unapita ku mkono, ku mkono mwingine, na yule wa chini kabisa, mdogo wangu, hamjui yule wa juu. Kama kontra yake ingekuwa na mstari mmoja tu kama ule wa kode, wa kukataza kupangisha juu ya kupangisha, siku ile ya posho watu wangeongea na waume zao kama kawaida.

CAMI ya anwani kwa Afrika yote inaitwa AFRINIC, iko kisiwani Morisi, tangu mwaka 2005. Yenyewe inasema anwani si mali ya mtu, ni haki ya kutumia, kama vile madini ya chini ya ardi ni ya Dola na permi ni haki ya kuchimba tu. Ni maneno mazuri. Lakini mwaka 2019 ilifunuliwa kwamba rejista ilichezewa ndani ya nyumba, anwani milioni kadhaa zikaandikwa kwa watu ambao hawakustahili. Kisha ikaja kesi na Cloud Innovation, kampuni iliyoandikishwa Seychelles, ambayo ilipata anwani karibu milioni 6 na laki 2 kati ya mwaka 2013 na 2016. Nyingi zilikuwa zinapangishwa inje ya Afrika. AFRINIC ilitaka kuzirudisha. Kampuni ikasema hakuna mstari wa kontra unaoikataza, ikaenda ku tribinali. Mwezi wa 7 mwaka 2021 tribinali ya Morisi ilifunga konti za banki za AFRINIC kwa miezi kadhaa. Kuanzia mwaka 2022 baraza lake halikuwa na watu wa kutosha kukata shauri. Mwaka 2023 tribinali iliweka mtu wa kuisimamia. Uchaguzi wa mwezi wa 6 mwaka 2025 ulifutwa, ukafanywa tena mwezi wa 9, baraza likapatikana.

Nani ana haki katika kesi ile? Majaji watasema. Mimi naona tu picha ambayo Katanga inaijua: kitu kimeandikwa kwa jina la Afrika, kinafanya kazi mbali, na mtu wa hapa akikihitaji anakinunua kutoka inje. Mdogo wangu analipa dola kwa mtu wa ng'ambo kwa sababu ya numero, na Afrika iko na numero chache kuliko upande mwingine wo wote mkubwa wa dunia ukilinganisha na watu wake. Anayesema hii ni soko huru tu, aje kwanza alale usiku mmoja Manika bila rezo.

Na hapa njo penye kuniuma. Kulikuwa na njia ya tatu, si kulipa kila mwezi, si kununua. Kwa sheria za AFRINIC tangu mwezi wa 1 mwaka 2020, mwenye rezo anayeonyesha kazi yake anaweza kuomba kuanzia anwani 256 mpaka 1,024, akilipa malipo ya rejista tu. Ingemfaa mtu kama yeye kuliko zote mbili. Lakini hakuna aliyemwambia, na miaka ambayo ofisi ilikuwa imefungwa mikono, hata aliyejua alikuwa anangojea. Wale wakubwa wa telefone wao waliomba zamani. Wanaoumia ni wadogo waliofika nyuma, na wadogo njo wanaofikisha koneksio ku kambi na ku vijiji ambavyo wakubwa wanaona havina faida.

Watu watasema: kuna anwani za mtindo mpya, zile ndefu, ni nyingi kuliko mchanga, na AFRINIC inazitoa bila shida. Ni kweli, na kila mwenye rezo aziombe leo. Lakini kurasa nyingi bado hazisikii mtindo mpya. Ukiwa nao peke yake, nusu ya soko imefungwa mbele yako. Kwa hiyo mtu anakamata zote mbili: mpya kwa wingi, na za zamani kidogo, akiwaweka wateja wengi nyuma ya numero moja, kama familia nyingi katika parsele moja yenye lango moja. Inasaidia, lakini mmoja akifanya ubaya, wote wanafungiwa.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Mwenye rezo anayejua kama atakuwa bado anafanya kazi miaka mitano mbele, asiendelee kulipa. Aombe ku AFRINIC kwanza. Wakimnyima, wenye rezo watatu wanne wa mji mmoja wakusanye feza kama likelemba, wafungue kampuni moja ya pamoja na kununua fungu kwa jina lake, liandikwe ku rejista. Anayeanza leo alipe, sawa, lakini asisaini bila kuona jina la mwenyewe wa juu ku rejista, bila muda wa kutolewa wa siku 90 kwa uchache, na bila kuangalia kama anwani zile ni safi. Orodha za watu wabaya ziko wazi, kuziangalia hakuombi makuta. Na ARPTC, inayoomba wadogo hawa makaratasi na malipo, ingeweza kuwaandikia ukurasa mmoja tu wa kuwaonyesha njia ya AFRINIC.

Mdogo wangu alisaini tena kontra ya kulipa, ya miezi sita, na bayeri mwingine. Safari hii alinituma nisome kila mstari mbele. Fomu ya AFRINIC iko ku meza yake, imejazwa nusu. Wanaomba makaratasi ya kampuni, na ya kwake moja iko bado ku ofisi moja inangojea sinyatiri. Amekwisha kurudi kule mara nne.